Ukurasa wa Nyumbani: Tujifunike Nini Usiku wa Joto?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kutunza maji ya kunywa ndani ya nyumba, na karatasi mlizotutumia ni nyingi. Asanteni sana. Mwezi huu tunaongea juu ya kitu ambacho kila familia inacho, hata ile iliyovuka Rusizi mikono mitupu: kitu cha kujifunika usiku.

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kinama. Zamu yake ya likilimba imefika, na anataka kuwanunulia watoto kitu kizuri cha kulalia. Amesikia habari za duveti, lile blanketi la kushonwa lenye kitu ndani, akaambiwa kwamba ile ya pamba haina joto kali. Baba wa watoto yeye anataka lile blanketi nene linalong'aa, lenye picha ya simba au ya maua makubwa, eti ndilo lenye heshima mgeni akiingia. Mama anasema watoto wanalia usiku, shingo na mgongo vimejaa vipele vya joto, na asubuhi wanasinzia darasani. Anatuuliza: nani yuko sawa?

Tunamjibu bila kuzunguka: mama yuko sawa. Lakini tunamwomba asiende sokoni kabla hajasoma ukurasa huu mpaka mwisho, kwa sababu huko sokoni neno "pamba" linatumiwa ovyo sana, na fedha ya likilimba hairudi mara mbili.

Kwanza tuelewane juu ya mahali tulipo. Mitaa ya chini ya Bujumbura, kama Kinama, Buterere, Buyenzi na Bwiza, iko karibu na ziwa Tanganyika, chini ya mita 900 juu ya bahari. Usiku, hewa ya nje mara nyingi inakuwa kama digrii 19 au 20. Hiyo siyo mbaya hata kidogo. Shida iko ndani. Chumba cha kupanga kina mabati yaliyopigwa jua mchana kutwa, kina dirisha moja dogo, na dirisha lenyewe tunalifunga kwa kuogopa wezi. Watu ni sita, saba. Ukiweka na chandarua, hewa inapita kidogo zaidi. Katika kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, alfajiri angalau panapoa. Lakini mwezi wa tisa, wakati mvua bado inasitasita, hapo ndipo watu wanatoka kukaa nje mpaka saa sita za usiku.

Sasa angalia tulivyotoka mbali mbali. Ndugu wa Uvira na Baraka wamezaliwa kwenye joto la ziwa hili hili. Wao kikwembe kimoja kinawatosha na hawaulizi maswali. Ndugu wa Bukavu wamezoea hali ya katikati. Lakini familia zilizotoka Minembwe na milima ya Itombwe, juu kupita mita 2,000, wamelelewa kwamba mtoto asiyefunikwa vizuri atakufa kwa baridi. Na kule ni kweli kabisa! Bibi aliyetoka kule anamfunga mjukuu mablanketi mawili kwa upendo wote, bila kufikiri kwamba ameshuka bondeni. Kila ukishuka mita 1,000, joto huongezeka kama digrii 6. Upendo ule ule, mahali pengine, unamtesa mtoto.

Hapa tusimame kidogo, kwa maana jambo hili siyo la starehe tu.

Mtoto mchanga hawezi kusema "nasikia joto", wala hawezi kuondoa blanketi kwa mikono yake. Waganga wanajua kwamba joto kupita kiasi wakati wa usingizi ni moja ya mambo yanayoongeza hatari ya mtoto mchanga kufa ghafla usiku bila ugonjwa unaoonekana. Ndiyo maana wanashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali, asiwekewe duveti, wala mto, wala blanketi zito linaloweza kupanda mpaka usoni. Tunajua wengi wetu tunalala kitanda kimoja na mtoto, hatuna kingine. Basi angalau kile unachojifunikia wewe mama kiishie kiunoni kwako, kisifike kichwani kwa mtoto, na yeye avae nguo moja nyepesi ya pamba. Ukitaka kujua kama anasikia joto au baridi, usimshike mikono wala miguu, hivyo vinaweza kuwa vya baridi bila shida yoyote. Mshike nyuma ya shingo au kifuani. Kama pana jasho, punguza nguo.

Hatusemi mtoto aliyezaliwa jana aachwe wazi. Huyo anahitaji joto la mama yake, ngozi kwa ngozi, kama wakunga wanavyotufundisha. Tunasema tu kwamba blanketi zito siyo mama.

Na homa je? Mtu mwenye malaria anatetemeka na anaomba afunikwe, hata mchana. Mtu mzima anaweza kuvumilia. Lakini mtoto mwenye homa kali ukimfunga ndani ya blanketi nene, joto la mwili linakosa pa kutokea. Mfunike kwa shuka nyepesi tu, mpe vinywaji, na siku hiyo hiyo, usingoje kesho, mpeleke kituo cha afya apimwe damu. Nchi hii inaijua malaria: mwezi wa tatu mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba imekuwa janga. Tena kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifikiri. Mtoto anayesikia joto anapiga mateke usiku kucha, na mwisho mguu au mkono unabaki umeegemea chandarua. Mbu hana haja ya kuingia ndani, anauma kutokea nje ya chandarua. Kwa hiyo kujifunika vizuri na kujikinga na mbu ni kazi moja.

Sasa tuje kwenye vitambaa vyenyewe.

Blanketi lolote halitengenezi joto. Joto linatoka mwilini mwako, blanketi linazuia tu hewa isiondoke. Likiwa nene, hewa nyingi inakamatwa. Lakini kwenye usiku wa Bujumbura, unene ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni jasho. Tunapolala mwili unatoa unyevu usiku kucha, hata kama hatuoni matone. Kitambaa kizuri kinaupokea unyevu huo na kuutoa nje. Hapo ndipo vitu vya asili vinapoishinda nailoni na poliesta. Wataalamu wa vitambaa wamepima: katika hewa ya kawaida, pamba inabeba unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, na sufu ya kondoo kama asilimia 16. Poliesta haifiki hata nusu ya asilimia moja. Ndiyo maana ukilala chini ya lile blanketi la simba (ambalo karibu siku zote ni poliesta au akriliki) unaamka umelowa, halafu upepo ukipita unasikia baridi. Watu wanasema "blanketi limenipa mafua". Limekupa jasho, baba, jasho ndilo limekupoza.

Pamba, kwa joto letu, ndiyo ya kwanza. Inapitisha hewa, inafuliwa hata kwa maji yanayochemka, inapatikana. Tena siyo mgeni hapa. Tangu wakati wa Wabelgiji pamba imelimwa katika bonde la Imbo, na wenzetu walioingilia upande wa Cibitoke pengine wameyaona mashamba. Wazee wa Bujumbura wanakikumbuka vizuri kiwanda cha COTEBU kilichojengwa kwa msaada wa China, kilichotengeneza vitenge vilivyovaliwa nchi nzima. Kilifungwa katikati ya miaka ya 2000, na baadaye, katika miaka ya 2010, kampuni ya Afritextile ikaanza kazi katika majengo hayo hayo. Ukikutana na kitambaa cha pamba kilichofumwa hapa hapa, kishike mkononi kabla ya kukimbilia cha kutoka mbali. Mara nyingi ni kigumu kidogo mwanzoni, lakini kikifuliwa mara tatu kinalainika na kinadumu.

Kitani, ambacho Wafaransa wanakiita "lin", kinapoa vizuri kuliko hata pamba, na hariri ni nyepesi sana. Lakini tuseme ukweli, ni wangapi kati yetu watakutana nayo? Ukiiona kwenye rundo la chagua kwa bei ndogo, nunua haraka, usimwambie muuzaji ni nini.

Sufu inawashangaza watu. Wanaifikiri ni ya baridi tu. Blanketi jembamba la sufu halisi linakunywa jasho vizuri na linafaa hata penye joto la kadiri, na tena haliwaki moto kwa urahisi. Ila linawasha ngozi ya watoto wengine, wadudu wanalitoboa, na ukilichemsha linajikunja linakuwa kama la mtoto. Usichanganye sufu na sufi. Sufi ni ile pamba ya mti wa msufi, inayojaza mito na magodoro huko pwani ya Tanzania na Kenya. Ni nyepesi na hailowi upesi, lakini nyuzi zake zinateleza, hazisokoteki uzi, na inashika moto haraka mno. Kwa mto wa kichwa ni nzuri. Kwa kujifunika, katika nyumba inayowashwa buji au koroboi, hatuishauri.

Na manyoya ya bata? Duveti za Ulaya nyingi zimejazwa manyoya laini ya bata au bata bukini. Ni ya asili, ndiyo, na ni mepesi kweli, lakini yameumbwa kumkinga ndege na baridi ya majini. Hapa Bujumbura utapika ndani yake. Halafu ikilowa, kuikausha wakati wa mvua ni kazi ya wiki, na harufu yake majirani wataisikia.

Wazee wetu wa zamani, kabla ya vitambaa vya dukani, walitumia magome ya mti wa mvumu, yaliyopigwa kwa nyundo mpaka yakalainika kama ngozi. Huko Buganda kazi hiyo bado ipo, na UNESCO imeiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Na Warundi mpaka leo wanaiita nguo "impuzu", jina lililotokana na magome hayo. Basi mtu asije akatuambia vitu vya asili ni mambo ya Wazungu.

Haya, twende sokoni.

Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, biashara imesambaa: Ruvumera kule Buyenzi, kwa Siyoni, Kinama, Jabe, Ngagara na kwingine. Duveti mpya ziko madukani lakini bei yake inatisha. Wengi wetu tutaipata kwenye chagua, yaani mitumba. (Mnajua kwamba Warundi na Wanyarwanda wamelichukua neno letu "chagua" wakaliandika "caguwa"? Angalau kuna kitu tumewapa.) Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walipanga kuachana na nguo hizo ifikapo 2019, Rwanda ikapandisha kodi, na mwaka 2018 Marekani ikaiadhibu kwa kuinyima nafuu ya kuuza nguo zake huko. Huku kwetu marobota yanaendelea kufunguliwa, na mteja anaendelea kuinama na kuchagua.

Robota likitoka Ulaya au Kanada, vitu vyake vimenunuliwa kwa ajili ya theluji. Kwa hiyo duveti tisa kati ya kumi utakazoziona pengine ni nene mno. Usitazame uzuri wa maua, tafuta kikaratasi cha kitambaa kilichoshonwa pembeni. Kama kimekatwa, jiulize kwa nini. Kama kipo, soma hivi:

Neno "enveloppe" ni ngozi ya nje. Neno "garnissage" ni kile kilichojazwa ndani. Hapa ndipo watu wanaibiwa. Muuzaji anakuonyesha palipoandikwa "100 % coton" na anaapa kwa jina la mama yake. Kweli, ngozi ya nje ni pamba. Teremsha macho mstari wa pili: "garnissage 100 % polyester". Umefungwa! Utalipa bei ya pamba ulale na plastiki. Kama kikaratasi ni cha Kiingereza, kile cha ndani kinaitwa "filling", ndicho cha kutafuta.

Neno "duvet" lenyewe ni mtego. Kwa Kiingereza ni blanketi lenyewe, la aina yoyote. Kwa Kifaransa blanketi hilo linaitwa "couette", na "duvet" ni manyoya laini ya ndege. Kwa hiyo kikaratasi cha Kifaransa kikisema "duvet d'oie", usifikiri wameandika tu jina la kitu. Wanakuambia ndani kuna manyoya ya bata bukini. Rudisha.

"Laine" ni sufu, "soie" ni hariri, "plumes" ni manyoya. "Bambou" inawavuta wengi siku hizi, wakifikiri ni mianzi iliyofumwa. Mara nyingi ni viskosi, yaani mianzi iliyoyeyushwa kiwandani kwa dawa ikageuzwa uzi. Siyo mbaya kulalia, inakunywa jasho, lakini usiilipie kama dhahabu, na ikilowa inakuwa dhaifu.

Halafu uzito. Wafaransa wanaandika "légère" au "été" kwa ile nyepesi ya kiangazi, "chaude" au "hiver" kwa ile ya baridi. Pengine utaona gramu kwa mita moja ya mraba. Kwa mitaa yetu ya chini chukua ya gramu 100 mpaka 200, siyo zaidi. Iliyoandikwa 400 mpelekee mtu wa Mugamba. Waingereza wana kipimo chao wanachokiita "tog": 4.5 na kushuka ni ya kiangazi, 10.5 na kupanda ni ya majira ya baridi. Pasipo kikaratasi, tumia mkono. Ikunje mara nne, ibane. Kama inajaa kama mkate, iache.

Na kama hakuna cha kusoma kabisa, kuna jaribio la moto. Linafaa hata kwa kikwembe, maana siku hizi vitenge vingi vya bei rahisi ni poliesta tupu, vinang'aa vizuri mchana na usiku vinakubandika. Mwombe muuzaji nyuzi mbili tatu kutoka kwenye pindo, nenda nazo nyumbani. Fanya nje, mbali na hema, mbali na shitingi, mbali na watoto, na maji yawe karibu. Shika uzi kwa koleo au vijiti viwili, usishike kwa vidole. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha majivu mepesi. Sufu na hariri zinanuka nywele zilizoungua, na moto unakufa wenyewe. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inadondosha tone la moto, na ikipoa inabaki kijiwe kigumu cheusi. Ukiona kile kijiwe ndipo utaelewa kwa nini tunaogopa mablanketi hayo karibu na koroboi: kile kinachoyeyuka kinaganda kwenye ngozi ya mtoto. Pamba nayo inawaka, na haraka, msidanganyike. Taa mbali na kitanda, iwe blanketi gani.

Lakini sisi, kama fedha ni ya likilimba na watoto ni wengi, tusingenunua duveti ya dukani wala ya chagua. Tungeshonesha.

Buyenzi haikosi mafundi cherehani, na wengi wanaongea Kiswahili, kwa hiyo kupatana ni rahisi. Nunua mashuka mawili ya pamba ya chagua, yaliyofuliwa sana, yaliyokwisha kulainika. Hata lenye tundu moja lifaa, fundi atatia kiraka. Katikati weka pamba iliyochambuliwa vizuri, au kama hupati, blanketi jembamba la pamba lililochakaa, au hata shuka la tatu. Kwa upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2 unapata mita 3 za mraba. Ukitaka gramu 150 kwa kila mita, pamba ni gramu 450 tu, chini ya nusu kilo. Mwambie fundi apitishe mistari ya uzi kila baada ya sentimita 15 au 20, huku na huku, vibaki vyumba vidogo vidogo kama daftari la hesabu. Asipofanya hivyo, baada ya kufua mara mbili pamba yote itakimbilia kona moja na wewe utabaki na mashuka mawili na fundo. Fundi mvivu atakuambia mistari minne inatosha. Haitoshi.

Wanaopata shida hata ya hayo, tunawaambia bila aibu: vikwembe viwili vya pamba vilivyoshonwa pamoja kwa pindo ni kifuniko kizuri kuliko duveti nyingi za Ulaya. Usiku wa mwezi wa tisa unalala na kimoja. Wa mwezi wa saba, alfajiri, unavuta na cha pili. Mama wa Uvira wamefanya hivyo siku zote.

Cha chagua kisilaliwe siku ulipokinunua. Tunawaomba sana. Upele, chawa na kunguni wanasafiri bure ndani ya marobota na ndani ya nyumba zetu pia. Pamba ichemshe, anika juani, piga pasi ya moto kwenye mishono. Kisichoweza kuchemshwa, kama sufu, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa wiki nzima: mdudu wa upele akikosa ngozi ya mtu hamalizi siku nyingi, tatu hivi. Kunguni ni mwingine, huyo anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo mfuko peke yake haumwezi. Ukiona alama nyeusi ndogo ndogo kwenye mishono, usikinunue hata kama wanakupa bure.

Tumebakiza lile blanketi la msaada, la kijivu, ambalo wengi walipewa siku ya kwanza. Sasa kwa kuwa tumesema poliesta ina jasho, tunaona mtu ameshaanza kutafuta mnunuzi. Ngoja kwanza. Halifai kujifunikia Kinama, sawa. Lakini likunje mara mbili ulitandike chini ya mkeka, kwa maana sakafu ya udongo inavuta joto la mwili na kutoa unyevu hata wakati hewa ya juu ni ya moto. Mtoto anayelala chini anahitaji kitu kinene chini yake na kitu chepesi juu yake. Wengi wetu tunafanya kinyume.

Tena hakuna kati yetu anayejua atalala wapi mwaka ujao. Familia inaweza kuwa Bujumbura leo, kesho ikaandikiwa kwenda kambini. Gasorwe iko upande wa Muyinga, na mji wa Muyinga uko juu kupita mita 1,700. Bwagiriza na Kavumu nako ni nyanda za juu. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba huko meno yanagongana. Anayeuza blanketi lake Kinama mwezi wa tisa kwa sahani mbili za unga, atalitafuta kwa machozi mwezi wa saba. Na ninyi mlioko huko juu mnaosoma ukurasa huu, msiyafuate yote tuliyoyasema juu ya wepesi. Kwenu pamba ikae karibu na ngozi, na blanketi zito juu yake. Hivyo jasho linanyonywa na joto linabaki.

Wale waliokubaliwa kwenda Marekani au Australia wanatuuliza kama wabebe duveti. Msibebe. Kilo za ndege ni chache. Ila kumbukeni kwamba nchi hizo siyo za baridi tu. Texas au Arizona mwezi wa saba inazidi joto la hapa mara nyingi, na madukani kule mtakutana na maneno yale yale ya kikaratasi. Someni cha ndani.

Sasa turudi kwa mama wa Kinama na mume wake. Papa, hatutaki ukose heshima mbele ya wageni. Mwambie fundi wa Buyenzi ile shuka ya juu iwe kitenge kizuri cha pamba, chenye rangi unayoipenda wewe, hata chenye simba kama utampata. Mchana itandikwe juu ya matela, mgeni aione. Usiku watoto walale chini yake bila kulia. Na fedha itakayobaki, tunaona itatosha chandarua kimoja cha ziada, lakini hilo mwamue wenyewe.

Mwezi ujao, kwa sababu wengi mmeuliza, tutaongea juu ya matela: jinsi ya kutambua sponji iliyogandishwa kwa vipande, na jinsi ya kuianika isioze wakati wa mvua. Mwenye swali aliandike kwenye karatasi, kwa Kiswahili au Kifaransa au Kirundi, alitie ndani ya sanduku la gazeti kabla ya tarehe 20. Siyo lazima kuandika jina.